Kuzunguka Jomvu Kuu

Leo sina ninakokwenda.
Goti lasema polepole, nami nalitii.

Nyuma ya msikiti njia yabana,
michongoma huku, mihogo kule;
mbuzi wa kina Shekue
amejizonga kwa kamba yake mwenyewe,
anitazama kana kwamba kosa ni langu.
Namfungua. Hashukuru.

Huko chini maji yamekupwa,
mikoko imesimama matopeni, miguu wazi.

Penye kisima cha zamani naketi,
namenya chungwa kwa kidole gumba,
maganda natia mfukoni:
Mwanamkuu alichukia njia ichafuliwe.

Wawili, tulikuwa tukiizunguka kwa nusu saa,
tukibishana bei ya mabati.
Leo imenichukua asubuhi nzima

na bado, mlango huu wangu,
nimeufikia mapema mno.