Kama Ilivyotoka Dukani

Azzan kaifunga tabo, kaitia bawa la nyuma,
kaishusha hata tumbo lakwangua lami.
"Na wewe, Thuweba, bado na hicho kibati?"

Bado. Saluni nyeupe, injini ya kiwandani,
matairi membamba.
Kila usiku, hapa Al-Khuwair, eisii ikinguruma,
ananipita sijatia gea ya tatu.

Simwambii kuwa pointi ninazo,
zatosha tabo mbili.

Ila kwenye kona, ukiikaza,
inalia vile vile
kama ile ya baba njia ya Sumail,
vioo chini, kahawa ikimwagika dashibodi,
naye: "Taratibu. Inakwambia kitu."

Ukiibadilisha injini, sauti ile basi tena.

Azzan keshamaliza, anafungua Vimto.
Mimi ndo kwanza naingia kona.