Ndoo Chini ya Bomba

Vitabu vilikuja sita, watoto sitini na mmoja,
kwa hiyo kila kitabu kiliinamiwa na vichwa kumi,
na cha mwisho kikaongezewa kimoja, cha Somoe Nampunju,
mfupi kuliko wote, asomaye kutokea kwapani mwa wenzake.

Ilikuwa Novemba, huku Newala juu, mvua haijashuka.
Tangi la shule ukiligonga linalia kama ngoma.
Watoto wanakuja na utomvu wa korosho vidoleni,
wengine hawaji kabisa mpaka magunia yapimwe.

Chuoni nilifundishwa kuanza na herufi.
Nilisema a, e, i, o, u,
wakaitikia kama watu wanaoitikia dua,
macho yako dirishani.
Siku ile sikusema kitu. Nikafunua ukurasa wa nne.

Mtoto wa pichani amevaa nguo za mistari,
yuko mbele ya kioo. Bomba liko wazi.
Chini yake: Kito anapiga mswaki.

"Mnaona nini?" nikauliza, nikingoja mswaki.
Shaweji aliona kioo.
Mwanahawa aliona mistari, akataka kujua
kama ndiyo sare ya shule yao.
Kisha sauti ikatoka kwapani:
"Mwalimu, maji yanamwagika."

Vichwa vikasogea.
Kweli. Mchoraji, popote alipo,
alivuta mistari mitatu ya buluu toka mdomo wa bomba
akaenda zake kula.
Lakini hapa ndoo ni shilingi mia tano,
na mama yake Somoe hushuka bondeni saa tisa za usiku
ili awahi foleni.

"Huyu hana bibi wa kumgombeza?"
"Maji yote hayo yanakwenda wapi?"
"Ukurasa wa tano," akasema Shaweji.
Tukafunua. Mkate, na kikombe cha chai.
"Si hayo, yamechemshwa."
"Kikombe kimoja tu? Na mengine?"

Walibishana robo saa nzima.
Mwalimu mkuu alichungulia akidhani wanapigana,
akakuta wanapigania kitabu, akaondoka bila neno.

Nikaenda ofisini kufuata chaki. Niliporudi
chini ya bomba la Kito palikuwa na ndoo:
ya penseli, mshikio umepinda,
imekandamizwa hadi ukurasa wa pili umebonyea.
Na kando yake, kubwa kuliko ndoo yenyewe:

Doo

Ukurasa wa kwanza una muhuri,
MALI YA SHULE, USIANDIKE NDANI.
Yeye muhuri hajaweza kuusoma bado.

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni.
Fimbo nayo ilikuwa juu ya kabati, sitaficha.
"Hii D umeitoa wapi?"
"Dukani kwa Mnali, iko ukutani."
"Na hizi mbili?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.
"Hizo ndiyo ndoo, Mwalimu. Ukizichungulia kwa juu."

Miaka kumi na mmoja nafundisha o.
Sijawahi kuichungulia kwa juu.

Nikamwambia, sema ndoo.
"Ndoo."
Polepole. Shika pua.
Alishika, akasema, akashtuka, akacheka:
"Inatetemeka!"
Halafu akaniuliza yeye, si mimi nilimuuliza,
"Hiyo ya puani inaandikwaje?"

Nilitoa kalamu nyekundu,
nikamwandikia n katikati ya kiganja.
Akakifunga ngumi, akaenda nacho nyumbani hivyo hivyo,
akafungua lango la shule kwa kiwiko.

Kufika Ijumaa vitabu vyote sita vilikuwa na ndoo,
madumu, sufuria, na kimoja kina kata.
Muhuri nimeufunika kwa gundi na kipande cha gazeti.

Ila nakumbuka zaidi asubuhi iliyofuata.
Alikuja na mkono haujaoshwa, n imefifia lakini ipo,
na sikumuuliza kama alikuwa anaitunza herufi
au anatunza maji.