Hodi

Saa tisa usiku, maabara, Mbeya.
Baridi ya Juni imeganda kwenye vioo,
nimevaa sweta ndani ya koti jeupe,
na damu ya Anyelwisye, miaka saba, wa Isongole,
imetandazwa chini ya hadubini, zambarau na waridi.

Shuleni tuliambiwa chembe nyeupe ni askari.
Tukachora bunduki kwenye madaftari.
Miaka ishirini na mbili nazitazama,
bunduki sijaiona.
Mimi huwaza jirani

apitaye nyumba kwa nyumba, hodi, hodi,
kama mweka hazina akusanyaye mchango wa msiba.
Penye kuitikia karibu, anapita.
Penye kimya anasimama,
anaegemea ukuta, anapapasa,
kisha anatoboa vitundu visivyofikia hata ncha ya sindano
na humo anamimina neno.

Neno lenyewe sijui linasemaje.
Najua kinachofuata: chembe iliyoasi haipasuki,
haipigi ukelele, haichafui ua wa mwenzake.
Inajikunja. Inajikatakata yenyewe, vifurushi vifurushi,
vibebwe na wapitao.
Jirani yetu yuko mlango wa pili.
Hodi.

"Kama wapo," mama yake aliniuliza jioni,
amepakata kikapu cha viazi alicholetea manesi,
"mbona mwanangu anavuja damu puani?"
Nilitafuta Kinyakyusa cha kumjibu, nikakosa.
Nikasema tusubiri majibu.

Majibu ninayo, Tusekile.
Kuna chembe zimejifunza kuitikia.
Zinasema karibu kwa sauti ya mwanao,
na jirani, kwa adabu zake, anapita.

Wamesema kaka mtu, Gwamaka, apimwe uboho.
Ukilingana, watakuja wageni kutoka mfupa wake,
wasioizoea sauti ya nyumba ile,
wenye kuuliza mara mbili.
Huenda wakagonga hata milango mizima.
Huenda.

Nahesabu. Katika mia moja, mbaya ni sabini na tatu.
Pembeni kabisa, karibu na ukingo wa kioo,
ipo moja kubwa, yenye chengachenga tumboni,
imeiegemea mojawapo ya zile.
Rangi imezikausha hivyo hivyo, ukuta kwa ukuta.
Ilikuwa imeshasema?
Ilikuwa ndiyo kwanza inafika?

Naandika sabini na tatu.
Fomu haina kisanduku cha hodi.