Laini

Mwalimu Chibago, darasa la tatu, Handali,
aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza
akasema maana yake mstari. Basi.
Tukapanga mstari, tukapiga mistari,
aliyetoka nje ya mstari alichapwa.

Hakutuambia kuwa neno lile lingepanda lori
lije mjini, livae Kiswahili,
likute jina lake limeshachukuliwa
na pamba, na uji wa mtoto,
na sauti ya mtu anayeomba mkopo.

Sasa nauza laini, chini ya mwavuli, njia panda ya Ntyuka.
Laini ya mwanachuo. Laini ya pili ya mwenye siri.
Fundi wa umeme anapita na ngazi begani:
laini imekatika Chang'ombe, msinisimamishe.

Jumanne akaja Peresi Ndahani,
vumbi jeupe hadi kwenye kope,
simu na kitambulisho kafunga pindoni mwa khanga.
"Wameifungia. Mwanangu yuko Geita, hela zinamrudia."
Weka kidole hapa, mama.
Mashine ikakataa.
Cha pili.
Nikafuta kioo kwa shati, nikampaka mafuta ya mgando,
tukaanza upya na mkono wa kushoto.

Miaka kumi na minne anaponda kokoto mlimani.
Ziko ndani ya kuta za wizara zile,
ziko kwenye zege la barabara ya mzunguko.
Nikavigeuza vidole vyake juani:
kiganja kwato, lakini nchani,
pale serikali inaposoma watu,
laini kama ganda la yai.

Akacheka kabla yangu.
"Kumbe laini inakataa laini!"
Nyuma yake foleni ikaguna.
Ofisi kuu alishakwenda mara mbili, kwa miguu.

Nikatazama kulia. Nikatazama barabarani.
Nikaweka kidole changu.
Kijani.

Mwalimu, nimetoka nje ya mstari.
Iko laini mjini hapa kwa jina langu
inayoanza na mbukwenyi kila saa mbili usiku,
inauliza kama huko mvua imeshuka,
inadanganya kuwa mgongo umepona,
inapokea elfu ishirini isiyokuwa yangu.

Wakija kuuliza ni ya nani
nitanyoosha mkono wausome.
Wangu una mistari yote.