Mstari wa Nne

Kadi ya zahanati yetu hapa Pasua
ina mistari minne kabla daktari hajaandika lolote:
jina, umri, makazi, kazi.
Mitatu ya kwanza hujibiwa upesi.
Wa nne watu huutazama
kama anayetafuta chenji kwenye mfuko uliotoboka.

"Andika kibarua."
"Andika nipo nipo tu."
"Andika Mungu anajua," alisema Aikande Lyatuu,
nami nikaandika hivyo hivyo, kwa herufi ndogo,
nikamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi:
mia na tisini juu ya mia na kumi.
Alikuwa akifua nguo za watu kule Shanty Town,
siku wakimwita.
Wasipomwita, kidonge anakikata kwa wembe,
nusu leo, nusu kesho,
na kesho ikifika, ile nusu anaigawa tena.
Presha haijui hesabu ya robo.

Mwaka wa sita huu nakaa dirishani.
Mlima ukipenda huvua wingu asubuhi, usipopenda basi,
foleni haina habari nao.
Nimejifunza kusoma kadi kutoka chini kwenda juu:
vidonda vya tumbo, naangalia mstari wa nne;
mtoto uzito pungufu,
naangalia mstari wa nne wa mama yake.
Halafu yule kijana Elirehema, aliyesomea umeme VETA,
cheti amekitia nailoni kisilowe,
alikuja hana homa, hana kikohozi,
ila halali.
Damu safi. Mkojo safi.
Daktari akaandika dawa ya usingizi, akaifuta,
akatazama dari kitambo.
Duka gani la dawa, kutoka stendi mpaka Kiboriloni,
linauza mkataba wa mwaka mmoja,
kutwa mara moja, baada ya chakula?

Sisemi kila kazi ni dawa.
Kisali alikuwa na ajira, na sare,
na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni,
kiwanda cha mbao,
na kifua chake kilikoroma kama msumeno uliokwama.
Aliomba barakoa, akapewa barua ya onyo.
Upo mkate unaomla aliyeuoka.

Lakini mwaka jana, masika yalipokatika,
likafunguliwa ghala la kufungasha parachichi, njia ya Himo.
Watu sitini, kwa maandishi.
Bima. Saa nane. Choo chenye maji.
Mikono ya Aikande, iliyochubuliwa na sabuni,
ikaanza kupangusa matunda.
Alirudi kwangu Novemba:
mia na arobaini juu ya tisini.
Nikadhani mashine imekufa. Nikapima mkono wa pili.
Akacheka, "Nalala, dada.
Zamani mwezi wangu haukuwa na mwisho.
Huu wa sasa unaishia tarehe ishirini na nane."
Kidonge bado anameza. Kizima.

Elirehema hajaitwa popote.
Jumanne alipita kusalimu,
akaona feni yetu imenuna, akaifungua kwa kisu cha mezani,
ikazunguka.
Hatukuwa na cha kumpa. Tulimpa chai.

Na jana kichwa kilinigonga tangu alfajiri,
nikachukua kadi mpya, nijiandikishe mwenyewe.
Jina: Ndeanasia Kileo.
Umri: thelathini na mmoja.
Makazi: Njoro.
Kalamu ikasimama.
Miaka sita hapa naitwa "anayejitolea":
nauli napewa ikipatikana,
ajira inasubiri kibali,
na kibali kinasubiri sijui nini.
Nimewahi kuandika kazi za mtaa mzima,
za waliokufa na za waliopona,
na yangu haina neno.

Foleni ikakohoa.
"Dada, jaza chochote," akasema mama mmoja
huku akimhamisha mtoto bega,
"mwenzio huyu anawaka moto."
Nikaiweka kadi yangu chini ya daftari,
nikachukua ya mtoto.
Jina?