Pijo Inauliza

Tuliikuta nyuma ya sakafu ya karafuu, Chanjaani,
kuku anaatamia ndani ya buti, mayai saba.
Tukamngoja atotoe kwanza.
Kila jioni Mbarouk akaja kuchungulia,
si vifaranga, boneti.

Pijo nne-sifuri-nne ya marehemu baba.
Gunia nane juu ya keria, mwaka wa neema.
Rangi ilikuwa maziwa, sasa chai ya rangi,
na kutu imekula milango kwa chini
kama panya alavyo mkate: pembeni, kwa adabu.

Injini tukainunua Wete.
Altezza ya kijana mmoja, ilipinduka kona ya Ziwani;
yeye katoka mzima, gari limebaki magurudumu juu
likipiga honi peke yake mpaka betri ikaisha.
"Injini hii ishaona kifo," nikasema.
Mbarouk akacheka: "Ina farasi mia mbili."

Gerejini kwa Ami Shehe, Machomanne,
Ami akapima kwa futi, akapima kwa shubiri,
akaiamini shubiri.
Akapasua sakafu ipite giaboksi ya gia sita.
Akagonga bati la Altezza kwa kidole:
"Hii nini? Manda ya sambusa."
Akagonga la Pijo, likalia kama upatu.
Moto wa kuliyeyusha hili unalitoboa lile.
Usiku kucha cheche, asubuhi tundu.
Mwisho akatia baina yao kipande cha kitanda cha bibi,
kile cha chuma tulichozaliwa juu yake,
na hicho ndicho kilichoshika.

Miye fundi waya. Kwangu shida nyengine.
Pijo ina waya kumi na tisa, nimezihesabu,
zimevishwa kitambaa, kila mmoja wajua unakokwenda.
Altezza ina mia tatu na kitu,
na ubongo ndani ya kiboksi,
na ubongo huo unauliza.
Unauliza: mlango wa nyuma kushoto umefungwa?
Unauliza: mkanda umevaliwa?
Unauliza: uko wapi mfuko wa hewa,
ule wa kurukia kifuani gari likigonga?
Nikaujibu kwa uongo mdogo mdogo,
waya mfupi hapa, rezista pale.
Wiki tatu nakidanganya kiboksi,
na usiku nalala vizuri.
La mfuko tu ndilo lililonishinda.
Taa yake nyekundu, kijitu kimekaa na mpira tumboni,
haizimiki.

Tena ule mkono wa gia wa baba, ubavuni mwa usukani.
Mbarouk kasema ung'olewe,
gia ya Altezza iko chini, baina ya viti.
Nikakataa.
Tukagombana mpaka umeme ukakatika
tukaendelea gizani.
"Haushiki kitu!"
"Basi unakusumbua nini?"
Umebaki. Ukiusukuma unakwenda laini,
haujui kama chini yake hamna chochote.

Siku ilipowaka, mama akaletwa kwa bodaboda.
Hakutazama rangi, hakusikiliza injini.
Kapanda, kavuta mlango, kaubamiza kwa nguvu zote,
kama ulivyotaka kubamizwa siku zile,
na kioo kikashuka chenyewe, twaa, mpaka chini.
"Ndiyo yenyewe," akasema,
akaomba apelekwe sokoni akanunue muhogo.

Ikabaki ukaguzi.
Ofisa kazunguka mara mbili, karatasi mkononi.
"Imetengenezwa mwaka gani?"
Mbarouk kanitazama miye, miye nikamtazama Ami.
Ami kajifuta mikono kwa kanzu kuukuu:
"Andika Alkhamisi."
Ofisa hakucheka.
Kainama, kaiona taa nyekundu.
"Na hii?"
"Inauliza," nikamwambia.
Kafungua mlango, kakaa nyuma ya usukani.
Mtu mzima, mvi masikioni.
Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe
ukaukuta ule mkono wa gia,
ukatia ya kwanza, taratibu, halafu ya pili,
akangoja.