Kuhesabu Viroboto

"Kazi gani hasa wanakupa huko Salala?"
bibi aliniuliza kwa simu kutoka Ruwi.
Nahesabu viroboto, nikamjibu.
Akacheka hadi kikohozi kikamshika.
"Miaka minne ya chuo, Zuwena! Viroboto!"

Wa maji, bibi. Wa khori ya Dahariz,
ambako migomba imesogea hadi kwenye uzio
na maji hayampiti mtu magoti.

Tone la Machi lilikuwa soko.
Chini ya hadubini alipita mmoja, mgongo wa kioo,
mayai sita yakionekana tumboni kama punje za ulezi,
moyo ukidunda hadharani, hana cha kuficha.
Kutwa anachuja maji
na hajawahi kumdai mtu ujira.

Kisha Shafiqul, kwa amri ya tajiri wake,
akapasua magunia kumi na mawili ya mbolea
wiki moja kabla ya kharifu.
Simlaumu. Ndizi zilinenepa, akapeleka pesa kwao.
Na manyunyu ya kharifu hayana kelele:
yaliisuuza bustani polepole,
kama mtu aoshaye vyombo wenzake wamelala,
makombo yote yakateremka khorini.

Maji yakala.
Yakala tena.
Yakageuka kijani cha kupendeza,
watu wa Maskati wakasimamisha magari, wakapiga picha.

Nami, mjinga, nikasema: viroboto wangu wamepata harusi.
Kumbe mwani huu si ule waliouzoea.
Huu ni nyuzi, umesokotana;
kiroboto akifungua kichujio chake ale
anavuta kamba.
Na usiku mwani unapumua pumzi za wote,
alfajiri majini hamna hewa ya kugawana.

Tone la Septemba nimelihesabu mara tatu.
Wakubwa: hakuna.
Vimebaki vidogo vile vyenye gurudumu kinywani,
vimejaa, vinazunguka, vinakula vumbi la waliooza.
Na ganda moja tupu,
la kioo,
lina yai.

Jana bibi alitaka habari za viroboto.
Wamekwisha, nikasema.
"Njaa?"
Shibe, bibi. Maji yameshiba kupita kiasi.

Akanyamaza. Ana sukari mwaka wa tisa huu.
"Shibe mwana malevya," akasema, lakini kwa sauti ndogo,
na nikasikia kijiko kikirudi kwenye sahani ya halua.
Au kikichota. Simu haikuwa safi.